Simu ya Kuthibitisha Marehemu

Vifo saba vilikuwa vimefutwa. Florence, karani wa rekodi katika kituo kidogo cha afya nje ya Kisaju, alisoma ripoti mara mbili. Saba hao aliwaandika kwa mkono wake mwenyewe, wawili hata alihudhuria mazishi yao. Sasa kompyuta ilisema sifuri, na kando yake: "Havikuthibitishwa na familia."

Alijua mara moja kilichotokea. Mwongozo mpya wa kuripoti vifo vya gonjwa la mapafu lililokuwa limeenea, ulioletwa ili takwimu zifanane dunia nzima, ulitaka mtu wa takwimu mjini Kajiado aipigie familia simu, ataje jina la marehemu, nayo ilirudie. Mabingwa walioutunga walikaa hotelini siku tano, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama kuna watu ambao jina la mtu wao wanalizika pamoja naye. Wazee wa Kimaasai wa hapa hawalitaji tena. Sasa mgeni akupigie asubuhi akutajie mwanao uliyemzika juzi, utafanya nini? Wengi walikata simu. Wengine walijibu, "Hapa hakuna mtu kama huyo," na ofisi ikaandika hivyo hivyo bila haya.

Ungekuwa upuuzi wa kawaida wa ofisini, ila mashine za oksijeni zilikuwa zinagawanywa siku hiyo saa sita mchana kwa kufuata idadi ya vifo. Kitengela ingepata tatu. Kisaju yenye sifuri isingepata kitu. Na wodini, nyuma ya ukuta wa ofisi ya Florence, mke wa Mzee Lemein alikuwa akivuta pumzi kwa shida. Mwana wao alikuwa mmoja wa wale saba.

Florence alimpigia Githinji, kijana wa takwimu kule Kajiado, akaiweka simu kwenye spika.

"Madam, mimi nafuata mwongozo," Githinji alisema. "System haikubali kama familia haijaconfirm."

"Hawa watu wamekufa, Githinji! Niliwaona na macho yangu."

"Basi leta hata mmoja aconfirm. Kifo kimoja kikiingia mnapata mashine moja. Lakini saa sita nafunga."

Florence aliitupa simu mezani. Hangeweza kumwomba mzazi jambo kama hilo. Alipoinua macho, Mzee Lemein alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia yote.

"Nakerai," akasema, kama wazee wanavyomwita mtoto wao, "chukua ufunguo ya gari. Twende."

Walifika Kajiado saa sita kasorobo. Githinji alikuwa na kisikizi cha simu kwenye sikio moja, macho kwenye skrini.

"Jina ya marehemu, mzee?"

Mzee Lemein alivua kofia. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, midomo ikacheza bila sauti. Florence alitazama sakafu, kwa maana hata yeye, binti wa Kimaasai, alilelewa asilisikie jina la aliyezikwa. Kisha mzee akalitaja. Alilitaja lote, la ubatizo na lile alilompa mwenyewe siku ya kwanza, sauti ikakatika mwishoni.

"Pole mzee, page ilikuwa bado inaload," Githinji akasema. "Hebu rudia."

"Harudii!" Florence alipiga meza hadi watu wakatoka ofisi za jirani. "Amesema! Wewe ndio hukuwa unasikia! Toka hapo!"

Githinji alisogea. Florence aliivuta kibodi, akaandika jina herufi moja moja, akabonyeza. Kifo kimoja kikaingia.

"Sawa, hiyo imekubali," Githinji akasema kwa sauti ndogo, akiokota kisikizi kilichokuwa kimemwanguka. "Na hao wengine sita, mtaleta familia zao lini?"

Florence alisaini karatasi ya mashine, akatoka.

Mzee Lemein alikuwa amesimama kando ya pikapu, kofia bado mkononi. Walipomaliza kuifunga mashine kwa kamba, alimshika Florence mkono.

"Nakerai, mama yake akipata pumzi, atauliza hii kitu ilipatikana aje."

"Nitamwambia nini, Baba?"

"Mwambie jina ni wewe ulitaja. Si mimi."