Mkaguzi wa Tamasha

"Binti, huyu unamfahamu?"

Mlinzi alikuwa amechuchumaa mbele yangu. Nyuma yake, kwenye stoo iliyojaa viti vibovu na maboksi ya maji, baba yangu alikuwa amekaa juu ya kreti la soda, shati lake la pasi limechomoka upande mmoja. Ukuta ulikuwa unatetemeka. Upande wa pili wa ukuta huo alikuwepo Kipepeo mwenyewe, mwimbaji niliyemlilia wiki nzima, na kilichonifikia ni mdundo tu, kama mtu anayebisha hodi na hataki kuondoka.

Sikujibu upesi. Niliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wangu haukujua likizo, lakini siku ile uligoma. Nilikuwa na miaka minane, na nilikuwa nimemkasirikia baba kiasi cha kutamani kusema simjui.

Ugomvi ulianzia mezani. Kipepeo alikuwa anakuja kwenye ukumbi wa mji wetu, maonyesho mawili, Jumamosi na Jumapili, yote ya alasiri, watoto ruksa. Mama alikuwa msusi, na saluni kwake wateja walikuwa hawana habari nyingine. Kila mwenye mtoto alikuwa anampeleka. Baba alikuwa mkaguzi wa lifti. Kazi yake ilikuwa kupanda kwenye mapaa ya majengo, kuingia katika vyumba vya mashine, na kutoamini anachoambiwa. Tabia hiyo hakuiacha kazini. Maziwa aliyoyafungua mwenyewe aliyanusa kwanza. Kiti kipya kikiletwa nyumbani, hakuna aliyekikalia kabla yake.

"Tamasha si mahali pa mtoto," alisema.

"Kwa nini, Baba Chiriku?" mama aliuliza. "Mavazi yake? Maneno ya nyimbo? Sema basi tujue."

Baba alitafuna taratibu. "Nyimbo zake sina ugomvi nazo."

"Huijui hata moja."

"Rudia?"

Mama alinigeukia mimi. "Unamwona? Ametia pamba masikioni. Akishaamua lake, ndiyo basi tena."

Nililia wiki nzima. Baba hakulegea, wala hakutoa sababu, na hicho ndicho kilichomkera mama. Alimzoea kama mtu wa sababu. Angeweza kukueleza kuanzia asubuhi hadi mchana kwa nini hapandi lifti ya jengo fulani. Safari hii alikuwa amenyamaza, na akiulizwa anatazama sahani. "Mtu hakatai hivihivi," mama alimwambia mteja mmoja, huku akimvuta nywele kwa nguvu isiyohitajika. "Huyu ana lake jambo."

Jumamosi baba alivaa shati la pasi, akasema ameitwa kazini. Mkoba wake wa vifaa ulibaki nyuma ya mlango. Mama aliutazama, akautazama mlango, akanitazama mimi.

"Lifti gani hiyo inakaguliwa kwa mikono mitupu?"

Sikujua. Ila nami nilikuwa na shaka yangu: niliamini kabisa kwamba amekwenda ukumbini kuwaambia wasiniruhusu kuingia Jumapili. Mama aliwaza mengine. Mlinzi wa ukumbi alipopiga saluni kwa simu ya baba, alisikiliza, akaifunga kanga kiunoni, akamwacha mteja na kichwa nusu. Njiani alinishika mkono kwa nguvu mno. "Leo nitamjua huyo mwanamke," alisema, na nilijua hasemi nami.

Mwanamke alikuwepo kweli. Alikuwa na miwani na watoto mapacha, na alisimama mlangoni pa stoo akiwa na hasira. Yeye ndiye aliyeita walinzi. Alitueleza kwamba mtu huyu aliingia peke yake, bila mtoto, na jukwaani hakutazama hata mara moja. Alikuwa anatazama watoto. Alipima kwa hatua kutoka kwenye spika hadi viti vya mbele walikokaa. Aliweka kiganja kwenye ukuta, kwenye migongo ya viti. Akainama karibu na pacha wake mmoja mpaka kichwa chake kikawa sawa na cha mtoto.

"Nikamuuliza, wewe umekuja na mtoto gani? Ananitazama midomo tu. Nikarudia. Akanisogezea uso, hivi, kama anataka kunibusu."

"Nasi tukamwita kwa nyuma," mlinzi aliongeza, "akazidi kwenda. Hapa ndani tunamhoji, anatukodolea macho. Mtu asiye na hatia hujibu, mama."

Nilimwona mama akimtazama mumewe kama anavyotazama nywele za mteja mgeni, akitafuta zilipokatika. Na hapo ndipo mlinzi alipochuchumaa akaniuliza kama namfahamu.

Sikugundua kitu siku ile. Nilikuwa najua siku zote, ila hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilijua kwamba tukitembea, baba alinihamishia mkono wake wa kulia. Nilijua kwamba hadithi zangu za shule nilizisimulia mara mbili, na kwamba mara ya pili nilipaswa kupanda kiti. Nilidhani baba wote wako hivyo.

Nilimpita mlinzi, nikaenda upande wa kulia wa lile kreti, nikasema karibu kabisa na sikio lake, "Baba, wanataka kujua wewe ni nani."

Uso wake ulilegea. "Mimi ni baba yake huyu," aliwaambia. "Nilikuja kukagua. Kesho alitaka kuja."

Kisha, bila kumtazama mtu, alisema kwamba spika ziko karibu mno na watoto. Alisema kelele za vyumba vya mashine zilimla sikio la kushoto na la kulia linafuata. Lifti siku hizi aliisikia kwa kiganja, na hakosei, lakini ofisini wakijua watamtoa. Ndiyo maana hakusema.

Mama alikaa juu ya boksi la maji. "Tangu lini?"

Baba alimgeuzia uso, akingoja. Mama aliinuka, akanisogeza pembeni, akashika nafasi yangu. "Tangu lini, mume wangu?"

"Chiriku alikuwa hajazaliwa."

"Na mimi nakugombeza miaka yote hiyo."

"Hayo nilikuwa nayasikia," baba alisema.

Mlinzi alicheka kwanza, kisha yule mama wa mapacha, ingawa yeye hakucheka sana. Siku hizi baba ana kifaa sikioni, na mama akianza kumsema anakivua mbele yake na kukiweka mfukoni. Lakini mama hajawahi tena kukaa kushoto kwake, hata kwenye picha.

Kwa kutaka kufuta aibu, mlinzi alituruhusu kuingia wimbo wa mwisho. Baba aliangalia dari, akaangalia mlango wa dharura, akatuweka nyuma kabisa ukutani. Kisha alisimama nyuma yangu, akaniziba masikio kwa viganja vyake viwili. Nilijaribu kuvitoa, vikakaza. Kipepeo alikuwa mdogo sana kule mbele, anameta, na sauti yake ilinifikia kutoka mbali, ikiwa imechanganyika na mapigo ya damu ya baba.

Katikati ya wimbo niliinua uso kumtazama. Mikono yake ilikuwa miwili tu, na yote ilikuwa kwangu. Masikio yake yalikuwa wazi.

Mama aliliona hilo wakati mmoja nami. Alikwenda nyuma yake, akasimama kwa ncha za vidole, akamziba kwa mikono yake iliyonuka mafuta ya nywele. Tukakaa hivyo, watatu kwa mstari, hadi wimbo ukaisha. Yule mama wa mapacha aligeuka akatuona, akawavuta watoto wake karibu, mbali na spika.