Mizunguko Juu ya Mdomo wa Susitna

Tangu Einar afariki, ndege yake ndogo ya kutua majini ilikaa mwaka mzima imefungwa gatini. Mkewe, Lorene, alikuwa na leseni yake ya urubani, lakini hakuigusa ndege hiyo. Huku kijijini kwetu Skwentna hakuna barabara ya kwenda mjini. Kwa hiyo ilipokuja habari kwamba binti wa wifi yake Dagny, dada wa Einar, ameshikwa na uchungu wa kuzaa kule mjini Anchorage, Lorene alijaza mafuta, akasema, "Panda wifi, kabla sijaghairi."

Walikwenda vizuri hadi mdomo wa mto Susitna. Hapo mawingu yakaanza kushuka, na mbele kulikuwa na anga ya uwanja mkubwa wa ndege, ambayo rubani haingii mpaka mwongoza ndege amjibu redioni kwa namba ya ndege yake. Lorene akaita. Redio ilijaa sauti za watu. Akajibiwa kwa mkato: "Ndege inayoita, subiri."

Akakata kushoto, akaanza kuzunguka.

"Mbona unageuza?" Dagny akauliza. "Si kashakusikia? Twende!"

"Hajataja namba yetu. Hajui sisi ni nani wala tuko wapi."

"Mwanangu anazaa, wewe unazunguka kama pia! Kaka yangu angekuwa keshapita."

Lilimchoma hilo. "Kaka yako angezunguka mpaka utapike, wifi. Mimi nilitapika hapo hapo ulipokaa."

Dagny alitaka kucheka, akashindwa. Mawingu yalizidi kushuka.

"Naita tena mara moja tu," Lorene akasema. "Nisipojibiwa tunarudi nyumbani, njia ingali inaonekana."

Dagny akageukia dirishani, machozi yakimlengalenga. Ndipo alipoiona: ndege ya mizigo, kubwa kama ghala, ikichomoza mawinguni magurudumu nje, ikapita pale pale walipokuwa wanaelekea. Akamshika Lorene mkono.

Lorene akabonyeza redio. Akataja namba na mahali alipo, kisha yakamtoka ambayo hakuyapanga: "Mawingu yananibana, na sijarusha ndege mwaka mzima. Naomba unisaidie."

Halafu sauti ile ile, sasa imepoa, ikaita namba yao: "Nne Mbili Kilo, nimekuona mama. Ingia. Shuka hadi futi mia sita, fuata ufuo, mimi nakutazama. Usiwe na haraka."

Akamwongoza hivyo, neno kwa neno, mpaka ziwa la kutua likaonekana.

Walipotua, Lorene alizima injini, akalaza kichwa kwenye usukani na kulia kwa sauti, kama ambavyo hakulia hata mazishini. Ng'ambo ya gati mkwe wa Dagny, mume wa bintiye, alikuwa anapiga honi ya gari na kupunga mikono, akipaza sauti kuwa mtoto kazaliwa, ni wa kike. Dagny akampungia naye, lakini hakushuka. Alifungua mkanda, akamkumbatia wifi yake, wakakaa humo ndege ikiyumba majini.

"Lia tu," alisema. "Mtoto kashafika, hana pa kwenda."