Kitunguu cha Mwalimu Makame

Mimi sina wivu. Lakini kitunguu kilikuwa changu, nimekilima mwenyewe Uyole, na mke wangu Tupokigwe akakipeleka shuleni alikokuwa akisoma, kwa Mwalimu Makame. Wakakiotesha mizizi juu ya gilasi ya maji, eti wainamie hadubini wawili hao na kutazama jinsi seli zinavyogawanyika. Vichwa vimegusana, na mimi niseme ni masomo!

Mwaka ule wa hamsini na sita Makame alikuwa amehamishiwa Iringa, na aliruhusiwa kwenda na msaidizi mmoja wa maabara. Tupokigwe akiziona na kuzichora hatua zote za mgawanyiko Jumamosi ile, kazi ni yake. Nyumbani ikawa Makame kasema hivi, Makame kasema vile. Roho iliniuma hata ugali haukupita.

Basi Jumamosi hiyo nikamleta baba. Kwetu Wanyakyusa mke hamtazami baba mkwe wake, wala hakai naye chumba kimoja. Nikamkalisha mzee Asukile ndani ya maabara, mbele kabisa, nikamwambia aone elimu ya kisasa. Tupokigwe alipofika mlangoni na kuona mgongo wake, alijifunika kanga usoni akakimbilia uani. Nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu.

Makame, mtu wa pwani, hakuelewa. Nilipomweleza mila yetu akacheka.

"Hapana taabu, bwana. Chombo chenyewe kinataka jua."

Akabeba hadubini na meza, akaviweka uani, mbele ya mlango, kisha akaurudisha mlango. Nikainuka kuwafuata. Baba akanishika shati.

"Unakwenda wapi? Ukifungua nitamwona mkwe. Kaa!"

Chumba kilikuwa na mlango huo mmoja tu. Nikakaa, nikimsikiliza mke wangu.

"Nyuzi za ndani ya seli zimenenepa, Mwalimu. Hapa zimejipanga katikati. Hizi zimevutwa, nusu huku, nusu kule! Na hii imeshawekewa ukuta, zimekuwa seli mbili."

Wakacheka wote wawili. Kicheko hicho sijawahi kukisikia nyumbani kwangu.

"Umezipata na kuzichora zote," Makame akasema. "Haya, kafunge mizigo."

Baba alikuwa ameugeukia ukuta kwa heshima.

"Huko Iringa ni mbali?" akaniuliza.

"Ni mbali, baba."

"Na wewe wamekwambia uende?"

Hakuna aliyeniambia.