Kilio Kisicho na Ukurasa

Mwalimu Hulda Awuor alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza kwa mtu: kila dai liwe na ukurasa wake. Mwezi mzima wa Julai alikuwa amewapa Kidato cha Tatu riwaya nne wazisome, na kwa kila riwaya waandike tafakuri. Hakutaka muhtasari wala maneno ya kwenye mwongozo. Alitaka kile ambacho msomaji mwenyewe amekiona akakifikiria. Ambaye angewashinda wenzake angekwenda kuisoma kazi yake Nakuru, kwenye kongamano la shule, mbele ya majaji. Nafasi ilikuwa moja tu, na miaka miwili mfululizo ilikuwa imechukuliwa na wavulana wenye sauti kubwa.

Chepkirui hakuwa na sauti kubwa. Alikuwa na nia, na nia yake ilikuwa ya mtu aliyelelewa kwenye mashamba ya Ainabkoi, anayejua kwamba kiazi hakitoki ardhini kwa kutamaniwa. Mwaka huu alitaka kwenda Nakuru. Alisomea mezani kwa shangazi yake, mtaa wa Pioneer, vyombo vikishaoshwa, na hakufungua kitabu cha pili kabla ya kuandika juu ya cha kwanza.

Kuhusu riwaya ya mpima ardhi aliandika kwamba alimchukia mtu huyo hadi katikati ya kitabu, kisha akagundua kuwa hajasema uongo hata mara moja. Alinyamaza tu pale ambapo kusema kungemponza, na labda mwandishi alitaka tujiulize kama kuna tofauti. Kuhusu ya muuguzi aliyekwenda kufanya kazi ng'ambo aliandika kwamba habari anazowapa watu wa nyumbani kwa simu ni tamu mno, na anayeziamini hajasoma yaliyo katikati. Ya tatu, ya mwana wa utingo aliyegeuka mhubiri, hakuipenda, na alisema hivyo bila kuzungukazunguka. Watu wanakutana kwa bahati kila sura, na mwandishi anayeokolewa na bahati kila mara hajamaliza kazi yake.

Ya nne ilimnasa. Ilikuwa ya Tabitha, mjane ambaye ndugu za marehemu mumewe wanataka kumnyang'anya nyumba na ghala la mahindi. Chepkirui aliandika kwamba Tabitha analia mara moja tu katika kitabu kizima, pale kaburini, na kwamba kilio hicho ndicho kinachomfungua: akishamlilia mumewe mpaka machozi yakauka, hakuna tena mtu anayeweza kumtisha.

Mwalimu Awuor aliisoma aya hiyo kwa sauti mbele ya darasa, akafunga daftari.

"Hii ndiyo inaenda Nakuru," akasema. "Chepkirui, weka namba za kurasa uniletee kesho asubuhi."

Darasa likapiga madawati. Lennox, aliyekaa nyuma na ambaye kila mtu alijua ndiye wa pili, akasimama.

"Mwalimu, hii maajabu! Nyinyi watu wa Ainabkoi hata kitunguu hakiwalizi. Leo umetoa wapi machozi?"

Hata Mwalimu alicheka.

Saa ya chakula Chepkirui aliweka sahani ya githeri upande mmoja na kitabu upande wa pili, atafute ukurasa wa kilio. Hakuuona. Alirudi mwanzo wa sura ya mazishi akasoma mstari kwa mstari, kisha sura iliyotangulia, kisha iliyofuata. Jeneza liliteremshwa. Mchungaji aliomba. Tabitha aliwaambia vijana warudishe viti vya kanisa kabla ya mvua. Githeri ilipoa. Kilio hakikuwemo.

Ndipo alipokumbuka mahali kilipotoka. Muhula uliopita kikundi cha maigizo kilikuja shuleni kuigiza riwaya hiyo, kama vikundi vinavyozunguka shule hadi shule vikiigiza vitabu vya mtihani. Mwigizaji wa Tabitha alijitupa juu ya jeneza la mbao laini akalia hadi ukumbi mzima ukatoa leso. Chepkirui alikiona kilio kwanza, akasoma kitabu baadaye, na macho yake yakapita juu ya kilichoandikwa yakaleta kile yalichokizoea.

Aya ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililomuudhi.

Lennox alipita na sahani tupu, akamwona uso.

"Nini? Umefiwa?"

"Tabitha halii."

"Wacha zako! Tumemwona."

"Tulimwona ukumbini. Kwa kitabu hakuna. Na yule mjomba mlevi wa mazishini, uliyeandika juu yake ukurasa mzima, yeye pia hayumo."

Lennox alivuta kitabu, akapekua, akakirudisha mezani polepole. "Sasa sikiza. Weka ukurasa wowote. Majaji watafungua? Mwalimu mwenyewe alilia siku hiyo, mimi nilimwona. Ukiongea, darasa lote tunarudia. Usituchome, tafadhali."

"Na wewe unanishauri hivyo ukijua nafasi inaweza kuwa yako?"

"Nafasi na hii kazi ya kurudia? Zii, sitaki. Kaa nayo."

Chepkirui alikula githeri yake ikiwa baridi, kwa kuwa mchana ulikuwa mrefu, kisha akaenda ofisi ya walimu.

"Umetafuta vizuri?" Mwalimu Awuor akauliza.

"Nimesoma sura tatu nzima, Mwalimu."

Mwalimu alichukua kitabu akasoma mwenyewe, bila haraka. Alipomaliza aliweka kalamu chini. "Mwisho wa muhula uliopita, baada ya maigizo, niliwatungia swali la mtihani kuhusu hicho kilio."

"Nililijibu, Mwalimu."

"Nilikupa alama ngapi?"

"Zote."

Hakuna aliyecheka. "Basi nafasi iko wazi," Mwalimu akasema. "Sina njia nyingine. Kila aliyeandika juu ya kilio aandike upya, na mimi nitasikiliza upya. Kesho baada ya chakula."

"Sawa, Mwalimu."

Habari ilipofika darasani makelele yalizuka. "Chepkirui umetuchoma!" walisema wa mbele na wa nyuma.

"Nimejichoma kwanza," akajibu, akatoa daftari.

Jioni hiyo alikata aya yake kwa mistari miwili na kuanza na kilichokuwepo. Mwanzoni hakikumpa kitu. Tabitha alionekana mwanamke baridi, anayewaza viti mumewe akifukiwa. Chepkirui hakutaka kumtetea kwa huruma. Huruma ndiyo iliyomkosesha mara ya kwanza. Aliandika tu, kimoja kimoja, kila anachokifanya mjane huyo katika sura hiyo, akatazama vinafanana wapi. Alipoona, alisogeza kiti karibu na meza akaandika bila kusimama.

Siku ya pili alisoma mbele ya darasa kwa sauti yake ile ile ndogo, na waliotaka kusikia walilazimika kunyamaza. Tabitha halii, alisema. Siku ya mazishi anarudisha vya watu, kimoja baada ya kingine, mbele ya mashahidi wote waliokuja kuzika. Jua linapotua, kila kilichobaki uani ni chake.

"Objection!" Lennox akasimama, mkono juu. "Kurudisha viti ni kurudisha viti. Usitutungie."

"Ukurasa wa sitini na nne, viti vya kanisa," Chepkirui akasema. "Sitini na tano, sufuria za majirani. Sitini na sita, koti la shemeji lililokuwa limetundikwa mlangoni. Anamvalisha kwa mkono wake. Sasa fungua sabini na moja. Shemeji anakuja kudai nyumba. Tabitha anamjibu nini? Soma."

Lennox alifungua. Alisoma kimya, kisha kwa sauti: "'Chako nilikuvalisha siku ile, watu wote wakiona.'" "Manze, ni kweli," akasema, akakaa.

Kutoka kando ya dirisha msichana mmoja alinung'unika kwamba bado ile ya machozi ilikuwa tamu zaidi. Huenda ilikuwa. Mwalimu Awuor aliwasikiliza waliobaki wote, na Lennox alisoma vizuri juu ya mpima ardhi, kisha akaandika jina moja kwenye karatasi ya Nakuru na kumwita mwenye jina mezani.

"Utapewa dakika saba," alimwambia Chepkirui. "Hii ni ya dakika mbili. Zilizobaki utasema nini?"

"Bado sijui, Mwalimu. Za kwanza tatu sikuziona zikiigizwa, lakini sijui nilizisoma na macho ya nani. Nimeanza mpima ardhi upya."

"Zote tatu? Na kongamano ni wiki ijayo?"

"Zote nne," Chepkirui akasema. "Ya Tabitha nimerudia sura tatu tu."