Chuma cha Nne Kutoka Kushoto

Saa mbili na nusu asubuhi mke wa Brashi alipanda ghorofa ya tatu na ndoo, brashi ya waya na msasa, akaanza kukwangua vyuma vya roshani. Tangu afiwe alikuwa kiguu na njia. Akikaa kitako dakika mbili, anainuka kutafuta la kufanya. Kazi ile ilikuwa ya marehemu mumewe, aliyebandikwa jina la Brashi kwa ajili yake. Msimamizi wa jengo alimpa kwa huruma, au kwa kukosa mwingine wa kupanda pale.

Vyuma vya zamani ndivyo vilivyo, Brashi alikuwa akimwambia nyumbani: ukikwangua ukaifikia rangi ya siku zao, walioviegemea zamani hutoka, na adabu ni kuwasalimia. Ndiyo maana alikuwa akichelewa kurudi.

Kwenye chuma cha kwanza alitoka karani mwenye sigara, akaulizia meza yake. Cha pili kilitoa wapigachapa wawili, wakaendeleza umbea walioukatiza miaka ishirini nyuma. Aliwasalimia wote. Cha tatu hakikuwa na mtu, na hapo mikono yake ikaanza kwenda mbio.

Mwaka jana chuma cha nne kilichomoka Brashi alipokiegemea ili asafishe upande wa nje. Kutu ilikuwa imekila shina chini ya rangi, na alikuwa ameandika barua tatu kuomba kichomelewe upya. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, lakini msimamizi hakuziba wala hakujenga. Alikirudisha chuma tunduni, akakipaka nyeupe siku ya mazishi, na ripoti ikasema fundi alianguka kwa uzembe wake. Mke alitaka neno hilo lifutwe. Wanawe walikuwa wakitaniwa nalo shuleni.

Rangi nyeupe ilipobanduka, Brashi alikuwa amesimama pale na ovaroli yake, akiutazama msasa.

"Huo laini mno. Kutu haitoki hivyo."

"Mwaka mzima hatujaonana, unaanza na msasa?"

"Nimekuona. Umekonda."

Alilia, lakini hakuacha kukwangua. Kisha akamshika mkono, ule wenye kovu la brashi ya waya kwenye kidole cha shahada, wakashuka ofisini.

Msimamizi aliinuka kwa heshima, akamvutia Brashi kiti.

"Barua zangu ziko droo ya chini," Brashi alisema.

Zilikuwepo. Msimamizi alizisoma zote tatu bila haraka, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akazirudisha.

"Shemeji, haki ni yenu, sibishi. Ila ripoti imeshafungwa, na Ijumaa wakubwa wanakuja. Roshani iwe nyeupe."

"Nisipopaka?"

"Atapaka mwingine. Na huyo hatamsalimia mumeo."

Alipaka yeye. Brashi alimshikia kopo, akasisitiza aanze na ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, akamwonyesha ilipochuruzika. Karani na wapigachapa walikuwa wamesharudi ndani ya vyuma vyao, kila mmoja brashi ilipomfikia. Cha nne alikiacha mwisho. Mumewe alianza kupotea miguuni.

"Usikiegemee," alimwambia, na hilo likawa la mwisho.

Kwenye fomu ya kumaliza kazi paliulizwa kama vyuma vyote ni salama. Aliandika: cha nne kimeoza. Msimamizi alimsifu kwa mwandiko mzuri, akaiweka fomu droo ya chini, juu ya zile barua tatu.

Ijumaa wakubwa walikuja, wakaupenda weupe wa roshani. Mkubwa kuliko wote, mtu mnene mwenye kicheko, alijibwaga juu ya chuma cha nne ili apigwe picha. Mke wa Brashi alikuwa uani na ndoo yake. Aliiacha ndoo, akakimbilia chini ya roshani.

Chuma hakikutikisika. Pale karibu na tundu rangi mbichi ilikuwa imevimba kidogo, na kutoka chini aliweza kuvihesabu vidole vinne na gumba, vimekaza kwa ndani. Kidole cha shahada kilikuwa na lile kovu la brashi ya waya.

Picha ilipigwa mara tatu. Brashi alishikilia mpaka wakubwa walipoingia kunywa chai, na kwenye ripoti bado ni mzembe.