Mistari Sita ya Dada Subilaga

Usiku wa kuamkia leo niliota nimepanga foleni na wafu pale kituo cha kupimia chai, Tukuyu. Mzima nilikuwa peke yangu, na hakuna aliyejali. Kila mmoja na kikapu chake, na mvua inanyesha kutoka chini kwenda juu.

Nilikuwa nimemfuata huko dada Subilaga, tuliyemzika mwezi uliopita. Sisi wawili tulimpenda mshairi mmoja maarufu wa Ireland, nchi ambayo dada aliapa kuwa imeiba mvua yetu. Shairi lake moja tulilitia Kiswahili tukichuma chai, yeye upande huu wa safu, mimi ule: yeye mstari, mimi mstari. Kila mtu alishika kichwani mistari yake. Hatukuandika popote, wajinga sisi, na dada akafa na nusu yake.

"Unataka nini?" mizani inauliza.

"Mistari sita ya dada yangu."

"Utasomewa. Ila mstari ukishatoka kinywani umehama. Hapa hatutoi nakala."

Mara kituo ni wodi, na mizani imevaa koti la daktari. Dada ameketi kitandani, masikio yamejaa udongo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Mbona umekonda hivyo? Haya, tuanze, huku baridi haina adabu."

Anasema wake, nasema wangu, kama zamani. Kila anapomaliza mstari anapungua, na mizani inatangaza uzito uliobaki kwa sauti ya kuchoka. Kufikia wa nne miguu yake haigusi tena shuka.

"Dada, nakunyang'anya."

"Nyang'anya tu. Nimsomee nani huku?"

Tukaendelea. Alipotoa wa sita alinitazama kwa hofu ambayo sikuwahi kuiona usoni pake, hata siku ile hospitalini.

"Na mimi nibaki na nini?"

Nilijiona mwizi. Nikamalizia mstari wangu wa mwisho huku nalia, na mizani ikaita anayefuata.

Nimeamka nikakimbilia kalamu. Mistari yake yote sita imekuja, pamoja na yale maneno aliyoyabishania tulipotafsiri, nami nimeiandika nyuma ya kalenda nikiruka nafasi za mistari yangu.

Nafasi zile bado ni tupu. Tangu alfajiri nimekaa hapa, natafuta mistari niliyoitunga kwa kinywa changu mwenyewe, na hauji hata mmoja.

Anayo dada.