Moza na Mtaro wa Zambarau

Moza alikuwa amekodi kiwanja kimoja tu cha kutilia rangi ukindu wa mikeka yake, pale mtaa wa Mutakura, na Mzee Thabit, mwenye kiwanja, alishachoka naye. Maji ya zambarau yalitiririka mtaroni hadi mlangoni pa msikiti. Waumini waliomaliza kutawadha waliyavuka wakimtaja Moza kwa maneno yasiyomfaa mtu mwenye udhu.

"Mama Aya, mi nimechoka," Mzee alimwambia Moza. "Ijumaa ya mwisho wa mwezi nakuja kuangalia. Kama maji iko na rangi, we unatoka."

Moza akakimbilia mtaa wa Ngagara kwa dada yake Raihana, mwalimu wa kemia.

"Ukindu unakunywa rangi, si ndiyo?" Raihana akasema. "Basi maganda ya ndizi nayo itakunywa."

Moza hakungoja amalize. Alizoa maganda sokoni, akayatupa mabichi ndani ya pipa la maji machafu. Zambarau ilipungua, kweli, lakini maji yakageuka kahawia, yakanuka hadi majirani wakafunga madirisha. Na Moza alisoma madrasa. Alijua kwamba maji yakibadilika rangi, ladha au harufu, hayafai kwa udhu. Alikuwa amefukuza balaa moja akakaribisha mbili. Akalia kwa hasira.

"We una haraka sana!" Raihana akamgombeza.

Safari hii waliyaosha maganda, wakayaanika, wakayatwanga, wakayaloweka kwenye maji ya ndimu, kisha wakayaoka katika tanuri la mkate la jirani. Ndimu na moto, Raihana alieleza, huyapa maganda nguvu ya kuishika rangi isitoroke. Wakayasuuza tena, wakayajaza kwenye ndoo iliyotobolewa chini na kutandikwa kitambaa.

Ijumaa ilipofika, Mzee Thabit alikuja na nusu ya msikiti nyuma yake. Moza alimimina maji ya zambarau kwenye ndoo. Chini, kwenye beseni, yakadondoka maji maangavu. Mzee akainama, akanusa, akanusa tena, akitafuta kosa kwa bidii zote. Mwishowe akavua kofia yake nyeupe, akaichovya yote ndani ya beseni.

Akaikamua, akaiinua juani. Nyeupe pe!

Akaivaa vile vile imelowa, maji yakimchuruzika masikioni.

"Tia rangi, mama Aya," akasema. "Na mutu akikusumbua, mulete kwangu."

Moza akapiga kigelegele kilichosikika hadi mtaa wa Gasenyi.